Magunzi Mia Moja na Tano na Nusu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la wodi ya kifua, umeshika kadi yako na kopo lako la makohozi, sogea ukae upande wa dirisha. Hilo ni la kwanza. La pili, usimfiche mkeo leso. Mengine nitayasimulia kwa mpangilio, maana mimi ni mtu wa mpangilio.

Mimi ni mwalimu wa michezo, mzaliwa wa Machochwe, na ndiye mtu wa kwanza katika upande wetu huu kwenda Ulaya na kurudi na diploma. Sikubebwa na mjomba wala na mkubwa yeyote. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikaanza shule nikiwa tayari na ndevu mbili tatu, nikashinda mbio za shule, za wilaya na za mkoa, kisha serikali ikanipeleka Bulgaria miaka mitatu nikajifunze namna ya kuwafundisha wengine kukimbia. Diploma yangu iko ukutani, ndani ya fremu niliyoichonga mwenyewe. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeangushwa na ugonjwa huu. Ukimwangusha mtu dhaifu hujafanya kitu.

Niliporudi nilikuta tumekwisha hamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, na katikati palikuwa na shule yenye uwanja mpana wa majani. Nikaona kazi yangu. Kwa kamba na vigingi nikapima njia ya kukimbilia, mita mia nne kamili, nikachora mistari kwa majivu. Wakaguzi walipokuja walipima tena kwa futi zao, na hawakunikosoa hata shubiri moja.

Jambo moja tu sikulipima. Waliopanga kijiji walipanga kwa kufuata mistari, hawakuuliza nani ni mkwe wa nani. Zamani nyumbani kwa mama mkwe wangu palikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku. Sasa nyumba yake ilisimama mwisho wa uwanja, na mlango wake ulitazama moja kwa moja kona ya pili ya njia yangu.

Kwetu Wakurya mtu na mama mkwe wake hawatazamani ana kwa ana. Ukimwona njiani unaingia majanini hadi apite. Huli mbele yake, hulali mbele yake, na hakika humwonyeshi mapaja yako. Hata jina lake sitalitaja hapa, si kwa kuogopa, bali kwa sababu halijawahi kutoka kinywani mwangu. Hiyo ndiyo heshima yetu, na ndani ya heshima hiyo mnaweza kupendana sana.

Lakini mimi nilikuwa nimetoka Ulaya. Nikavaa bukta yangu nyeupe, nikakimbia kila asubuhi kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajiambia kwamba michezo ni kazi ya taifa na kazi ya taifa haina mkwe. Mama mkwe, maskini, akawa anafunga mlango wake hadi nimalize.

Mwaka huo, katika mkutano wa kijiji, nilisimama nikatangaza kwamba nitakimbia marathoni ya mkoa kule Musoma na nitarudi na kikombe.

"Mwalimu," akasema baba mdogo Chacha, ambaye ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, "kama ni kikombe cha chai, wapo wanaouza hapa hapa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliandika tarehe ukutani kwa chaki.

Mvua za vuli zilipoanza nikaanza kukohoa. Nikasema ni baridi. Mvua zikakatika, kikohozi hakikukatika, nikasema ni vumbi. Asubuhi moja, mzunguko wa sita kati ya kumi, nilisimama kona ya pili nikakohoa kwenye leso. Nikaona damu. Nikaikunja ile leso mara nne, kwa uangalifu, kama barua, nikaiweka mfukoni na kumaliza mizunguko iliyobaki. Huo ndio upumbavu wa mtu mwenye diploma.

Bhoke, mke wangu, aliipata siku ya kufua. Hakupiga kelele. Aliitandaza juu ya jiwe mbele yangu.

"Hii ni ya lini?"

"Ya juzi."

"Baba Robi, nimefua damu tangu nikiwa msichana. Hii si ya juzi. Na jana ulikuwa umembeba mtoto."

Robi wetu alikuwa hajatimiza mwaka. Bhoke alimchukua akaenda kukaa naye chumba cha jikoni. Siku ya tatu tulipanda lori la ushirika kwenda Tarime, mimi nyuma kabisa, yeye na mtoto mbele kwa dereva. Safari nzima nilitazama kisogo chake.

Kuhusu benchi la kungojea nina mengi ya kusema kuliko kuhusu daktari. Daktari nilikaa naye muda mfupi, akanigonga mgongo kama mtu anayechagua tikiti, akaandika. Benchi nilikaa nalo siku nne. Kila mtu ana kopo lake lenye kifuniko, na kila mtu analitazama la mwenzake akijifanya hatazami. Hakuna anayeuliza "unaumwa nini?" kwa sababu benchi lenyewe limekwisha jibu. Mtoto wetu alipimwa, akaonekana mzima. Bhoke akapimwa, mzima. Siku hiyo ndipo Bhoke alipolia, na baada ya kulia akanisemesha tena.

"Uliniona mjinga," akasema.

"Nilijiona mimi si wa kuumwa."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nililazwa. Dawa yetu ilikuwa sindano sitini, moja kila siku, leo kulia, kesho kushoto, na vidonge vya miezi kumi na minane. Kufikia sindano ya ishirini hakuna aliyekuwa akikaa wima wodini. Tulilala kifudifudi kama mamba, tukazungumza hivyo hivyo. Masikio yalivuma. Mkanda wangu uliishiwa matundu, nikatoboa mapya matatu kwa msumari. Miguu yangu, miguu iliyokimbia mbele ya maelfu, ikawa kama fito za kujengea banda. Nilikuwa nikiifunika kwa shuka hata wakati wa joto.

Kitanda cha jirani alilala Owino, fundi cherehani wa Utegi, Mjaluo mwenye sauti kubwa kuliko mapafu yake.

"Ja-Ulaya," alikuwa akiniita, yaani mtu wa Ulaya kwa Kijaluo, "huko kwa wazungu walikufundisha kukimbia nini? Mbona sindano imekukamata?"

"Ngoja nipone, nitakuonyesha."

"Utanionyesha nini na hizo spoki? Mimi nikikushonea suruali sasa hivi, kitambaa cha mguu mmoja kitatosha miwili, na kitabaki cha kofia."

Alinifanya nicheke, na kucheka kulinifanya nikohoe, na nesi akatugombeza wote wawili. Hizo ndizo rehema ndogo za wodi. Zihesabu kama unavyohesabu sindano.

Rehema nyingine ilikuwa maziwa. Kila lori la ushirika lilipokuja, kulikuwa na kibuyu cha maziwa mgando kutoka kwa mama mkwe. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na baadaye nilikuja kujua kwamba muda wote ule yeye mwenyewe alikunywa uji mtupu. Siku ya sindano ya arobaini alikuja mwenyewe. Hakuingia, kwa sababu mama mkwe hawezi kumwona mkwewe amelala. Aliketi chini nje ya ua wa hospitali, mgongo ukielekea wodi, uso ukielekea barabara, kuanzia asubuhi hadi lori liliporudi. Owino ndiye aliyemwona dirishani.

"Yule mama amegombana na hospitali?"

"Ni mkwe wangu. Amekuja kunitazama."

Owino akamwangalia tena yule mama aliyetupa mgongo. "Sisi Wajaluo tuna mambo," akasema polepole, "lakini nyinyi mmezidi."

Siku hiyo sikusikia uchungu wa sindano. Nilitazama ule mgongo uliovikwa kanga ya kahawia, na nilijua kwamba unanitazama.

Nilirudi nyumbani mvua za masika zilipoanza. Sahani yangu ilikuwa peke yake, kikombe changu peke yake, kitanda changu peke yake. Bhoke alifanya vyote hivyo kama alivyoelekezwa, bila hasira, na hiyo iliuma kuliko hasira. Robi alijifunza kutembea akiwa upande wa pili wa ua. Nilimpigia makofi kutoka mbali.

Ndipo baba mdogo Chacha alipokuja na kiti chake, akakaa, akakohoa kikohozi kidogo cha adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, umekonda lakini uko hai. Sasa nikuambie ambayo watu wanayasema nyuma yako, mimi nakuambia mbele. Wewe ulimwonyesha mkweo mapaja. Kila asubuhi. Msimu mzima. Kifua chako kimeziba hivi hivi?"

"Baba, ni kijidudu. Nilionyeshwa hata picha yake."

"Na hicho kijidudu, kati ya watu wote wa kijiji hiki, mbona kimekuchagua wewe unayetembea uchi?"

Nilimjibu kisomi. Nilimtajia mapafu, hewa, makohozi, vyumba visivyo na madirisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniaga kwa heshima. Na mimi niliyemshinda kwa hoja ndiye niliyebaki na maneno yake. Sikuamini, lakini yalikaa.

Mwaka ukazunguka. Nilimeza vidonge, mwili ukarudi kidogo kidogo, matundu ya mkanda nikayarudia moja moja. Vuli ilipofika daktari alisikiliza mgongo wangu akasema, "Sasa unaweza kukimbia. Anza taratibu." Makohozi yangu yalikuwa safi. Sahani yangu ikarudi kwa wenzake. Robi akanipanda mapajani, na kwa siku mbili sikutaka kumweka chini.

Lakini sikukimbia.

Hili ndilo hasa nililotaka kukuandikia, kwa sababu hospitali hakuna aliyenionya. Mapafu yalipona, hamu haikupona. Nilikuwa naamka, naitazama njia yangu ya mita mia nne iliyomezwa na majani, na moyoni hakuna kitu. Si hofu, si huzuni, hakuna kitu. Nilisema nangoja palizi iishe. Palizi ikaisha, nikasema nangoja majani yakatwe. Barua ikaja kutoka kwa ofisa michezo kule Musoma: marathoni ya mkoa itakuwa kiangazi, je, Mwalimu atashiriki? Nikaiweka chini ya diploma. Raba zangu za Bulgaria nilizitundika darini, na siku moja Bhoke alinyoosha mkono kuzipangusa akakuta yai.

"Baba Robi," akasema, "kuku anaatamia marathoni yako."

"Mwache aatamie."

"Wewe niliolewa nawe kwa sababu ya majigambo," akasema. "Nilikuwa nakusikia ukijisifu hadi ng'ambo ya mto, nikasema mtu huyu angalau hatanichosha kwa ukimya. Sasa unakaa kama gunia. Sema unaogopa nini."

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kona ya pili, na mlango, na maneno ya baba mdogo. Nilimwambia kwamba nikifikiria kukimbia naona ule mlango ukifungwa, na kopo langu likifunguliwa.

Alijifunga kitenge akaenda kwa mama yake. Aliporudi alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa mkono mmoja.

"Mama anasema yeye ana jiwe la kusagia nyuma ya nyumba na ana jingine mbele. Ukitoka kukimbia, atakaa kwenye lile la mbele, augeuzie uwanja mgongo. Anasema mgongo wake hauna macho, na bukta yako si kitu kwake. Anasema pia kwamba angekuwa na kinyongo na mapaja yako asingetoa maziwa ya kuyanenepesha."

Kesho yake nilimhamisha kuku.

Nilianza kwa suruali ndefu ya kaki, maana mwenye aibu hajivui siku moja. Mama mkwe alikuwa mbele ya nyumba yake, ameinama juu ya jiwe la kusagia ulezi, mgongo kwangu, anaimba wimbo wa kusaga. Nilikimbia mizunguko miwili, nikatembea mmoja, nikarudi nyumbani miguu ikitetemeka. Hamu? Hakuna. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya tatu nilivua suruali nikabaki na bukta, na wimbo haukusita hata neno moja.

Marathoni haikimbiwi kwa kunyatanyata, hilo nilifundishwa vizuri. Nikajipangia kazi za uwanjani: mizunguko kumi ya kasi, kila mmoja ukifuatwa na dakika mbili za kutembea. Wiki nyingine mizunguko miwili miwili mara sita. Wiki nyingine minne minne. Hiyo ni kazi ya kutapisha. Mzunguko wa tatu kifua kinawaka, na mtu aliyewahi kuugua kifua anajua kuwaka huko kunamkumbusha nini. Siku ya kwanza ya mizunguko kumi nilikimbia minane. Nilisimama kona ya tatu, nikatazama huku na huku, uwanja mtupu, nikaenda nyumbani.

"Ngapi?" Bhoke akauliza.

"Kumi."

Jioni alirudi kutoka kwa mama yake na ungo wa unga.

"Mama anauliza, hiyo kumi uliyokimbia, miwili uliikimbilia wapi? Maana hapa kwetu ilipita minane."

Nilihisi masikio yakipata moto. "Amejuaje? Si ametupa mgongo?"

"Anakusikia miguu. Kila ukipita kona anatupa gunzi kikapuni. Nimeyahesabu mwenyewe, Baba Robi. Manane."

Nimekimbia mbele ya makocha wenye saa tatu shingoni. Hakuna aliyewahi kunihesabu kwa namna hiyo. Wale walihesabu ili wajue nitashinda au la. Huyu alihesabu kama mtu anavyohesabu ng'ombe wake jioni, ili ajue kama wote wamerudi.

Kesho yake nilikimbia minane ile ile, na mguu ukaniambia inatosha. Ndipo nilipomsikia. Kwa kuwa hawezi kusema nami, mama mkwe alikuwa akisema na ndama wake aliyefungwa kando ya nyumba, kwa Kikurya na kwa sauti ya kutosha watu wa nyumba kumi:

"Ewe ndama, unaniangalia nini? Magunzi mawili yamebaki mkononi. Niyatupe au niyapikie?"

Nilikimbia mawili yaliyobaki. La mwisho nililikimbia nikicheka, na pumzi ya kucheka huku unakimbia ni ngumu kuliko pumzi zote, lakini kifua kilivumilia. Nilianguka majanini kona ya pili, nyuma ya mgongo wake, hatua kumi tu kutoka kwake, nikatazama mawingu ya masika. Moyo ulikuwa unapiga kila mahali mwilini. Na nikasikia, chini kabisa, kitu kidogo: nilitaka kesho ifike.

Usingoje hamu ndipo uanze. Nami niliingoja msimu mzima na haikuja. Ilinikuta kwenye mzunguko wa kumi, nimekwisha choka, na haikuja na tarumbeta.

Tangu hapo tulifanya kazi pamoja, yeye na mgongo wake, mimi na bukta yangu. Nilijua mwendo wangu kwa wimbo wake. Nikienda vizuri, wimbo wa kusaga uliisha mara mbili kabla sijarudi kona ya pili. Nikichelewa, ndama aliambiwa. "Ndama, leo umekula matope?" Nikienda kasi mno mwanzoni: "Ndama, anayekimbilia chumvi hurudi na ulimi mkavu." Siku moja mvua ilinyesha nikasema sitatoka, na asubuhi nikasikia jiwe likisaga. Alikuwa amejifunika gunia, ameketi mvuani, mgongo kwa uwanja. Nilitoka mbio nikiwa bado nafunga kamba za raba. Mtu mzima kama yule hatoki kunyeshewa bure.

Baba mdogo Chacha alipita siku ya mizunguko kumi na miwili, akasimama na fimbo yake. Alimtazama mama mkwe, akanitazama, akamtazama tena.

"Huyu ameruhusu?" akamuuliza Bhoke.

"Ameruhusu tangu palizi ilipoisha."

"Basi mimi ni nani," akasema, akakaa chini kutazama. Nilipopita alinipigia kelele: "Inua magoti, Mwalimu! Kikombe cha chai kinapoa!"

Nyumbu walipita mashariki yetu kama wanavyopita kila mwaka, vumbi lao likasimama juu ya hifadhi ya wanyama siku tatu, na wiki hiyo nikameza kidonge cha mwisho. Nililitikisa kopo tupu la dawa sikioni mwa Robi. Wiki iliyofuata ilikuwa marathoni.

Siku ya kuondoka, Bhoke alileta swali. "Mama anauliza Musoma ni mizunguko mingapi."

Nilikaa na kalamu. Kilomita arobaini na mbili na mita mia moja tisini na tano, ugawe kwa mia nne. "Mia moja na tano," nikasema, "na nusu."

"Nusu atafanyaje?"

"Mwambie avunje gunzi."

Saa yangu ya michezo, ya kubonyeza, nilimwachia Bhoke. Sikuhitaji. Mwendo wangu nilikuwa nao kichwani, na ulikuwa na maneno.

Kuhusu marathoni yenyewe sitakuchosha. Tulianza saa moja kamili asubuhi. Nilikuwa wa kumi na saba, na mbele yangu walikuwamo wanajeshi na polisi ambao hawajaugua hata mafua. Nilikimbia saa tatu na dakika ishirini na mbili. Kikombe alichukua mwingine, mimi nilipewa shahada ya kushiriki, na iko ukutani chini ya diploma. Nilikuwa nimetoka kwenye kopo la makohozi hadi pale kwa miezi kumi na minane, na sioni aibu kusema kwamba hakuna mtu wa upande wetu aliyewahi kufanya hivyo.

Nilirudi kesho yake kwa lori. Walinipokea kwa vigelegele. Baba mdogo Chacha alinipa chai katika kikombe kipya cha bati, amekifunga utepe kishikioni, kijiji kizima kikaanguka kwa kicheko, nami nikacheka safari hii. Wakaniuliza ilikuwaje. Nikasimama juu ya kiti nikawaambia kwamba nilikimbia kutoka mwanzo hadi mwisho, sikutembea hata hatua moja.

Tulipobaki wawili Bhoke aliniletea bakuli la uji wa ulezi na ile saa.

"Kunywa. Ni wa unga wa jana. Alianza kusaga saa moja ulipoanza, kila wimbo ukiisha mara mbili anatupa gunzi, na hakuacha hadi gunzi lililovunjwa. Tazama unga." Kulikuwa na debe limejaa. Mikono ya mama, alisema, ilikuwa imevimba, naye alikuwa ameipaka samli. "Nilibonyeza alipotupa lile la nusu. Saa tatu na dakika kumi na nne. Amekutangulia dakika nane, Baba Robi."

Nilitoka na bakuli langu. Mama mkwe alikuwa mbele ya nyumba yake, mgongo kwa uwanja, mikono mapajani. Nilisimama kona ya pili. Hakugeuka, lakini miguu yangu aliijua.

"Ndama," akasema, "nikuambie? Magunzi sabini na tisa hayakunishinda. La themanini mikono ilikataa kabisa. Nikasema, kumbe na yeye sasa hivi amekataa. Nikalishika tu lile gunzi. Nikapumzika naye. Kisha tukaenda."

Mzunguko wa themanini ni kilomita ya thelathini na mbili. Nilipiga hesabu nimesimama pale, na uji ukanipoa mkononi.

Ndama alikuwa ananitazama. Nikachuchumaa, nikamshika sikio, na kwa mara ya kwanza nikasema naye, kwa sauti ya kutosha.

"Ndama," nikasema, "kilomita ya thelathini na mbili nilitembea. Nilitembea hadi kwenye daraja. Sikumwambia mtu."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikajua anacheka.

"Ndama," akasema, "kesho ni mizunguko mingapi?"

"Miwili tu, ya kunyoosha miguu," nikamwambia ndama.

Asubuhi palikuwa na magunzi matatu kando ya jiwe.